Orodha Iliyofungwa Jumatano ya Majivu



Jumatano ya Majivu jioni, waumini walipokwisha kushuka ukumbini kunywa supu, binti mmoja wa usharika wetu alibaki kanisani, benchi la mwisho karibu na kipasha joto, kompyuta ndogo ikiwa magotini. Majivu yalikuwa bado kwenye paji la uso wake, yameshaanza kuporomoka kuelekea kwenye nyusi. Nilikuwa nazima taa. Nikamwachia moja.

"Zimebaki dakika ngapi?" nikamuuliza.

"Arobaini, Baba Mchungaji. Saa mbili kamili wanafunga."

"Na wewe hujamaliza?"

"Nilimaliza wiki iliyopita. Naiangalia tu."

Nikaketi benchi la upande wa pili. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na majina ya hospitali, moja chini ya jingine, kama orodha ya vitu anayopewa mtoto akitumwa dukani. Saa mbili ilipofika akafunika kompyuta, akavuta pumzi, akaenda kula supu na wenzake. Tangu dakika ile hapana mtu awezaye kuongeza jina wala kulipandisha, si yeye, si mama yake, si mimi.

Ameniruhusu nisimulie, ila jina lake nisilitaje. Nami nasimulia kwa sababu katika habari hii yumo mchungaji aliyekosea, na mchungaji huyo ndiye anayekuandikia.

Ninyi mnaosoma tafakari hizi mkiwa Moshi au Mwanza mtahitaji maelezo kidogo. Nyumbani Tanzania daktari husoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, halafu wengi huingia kazini kwanza. Hupelekwa wilayani, huzalisha, hushona majeraha, huamshwa usiku wa manane kwa ajili ya mtoto mwenye degedege, na katika miaka hiyo moyo wake hupata nafasi ya kusema unataka nini. Ndipo huomba kurudi chuoni kusomea ubingwa. Hapa Marekani hawana subira hiyo. Shule ya udaktari ni miaka minne baada ya shahada ya kwanza. Mwaka wa tatu mwanafunzi huzungushwa wodini: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, magonjwa ya akili, wiki kadhaa huku na wiki kadhaa kule, kama mgeni anayeonjeshwa kila sufuria. Septemba ya mwaka wa nne maombi ya ubingwa yanapelekwa. Machi majibu yanatoka. Julai mosi kazi inaanza. Kijana anatakiwa kusema atakuwa daktari wa nini kabla hajawa daktari hata kwa siku moja.

Mwanafunzi huorodhesha hospitali anazozitaka, kuanzia anayoipenda kuliko zote. Hospitali nazo huorodhesha wanafunzi wanaowataka. Kompyuta inakutanisha orodha hizo. Jumatatu ya wiki ya tatu ya Machi unaambiwa kama umepata au umekosa. Ijumaa yake ndipo unaambiwa wapi. Mwaka 2024 nafasi zilizogombewa kwa njia hii zilizidi 41,000. Wenyewe wanaiita mechi. Nilipoitangaza kanisani ili tuiombee, bibi mmoja alinivuta pembeni baada ya ibada akaniuliza inachezwa uwanja gani.

Sasa nirudi kwa binti yetu. Alikuwa na miaka kumi na miwili baba yake alipofariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Msibani, sebule imejaa wajomba na mashangazi, alisimama akasema yeye atakuwa daktari wa moyo ili baba wa mtu mwingine asife vile. Watu walilia. Mimi nilikuwepo, na nilisema amina kwa sauti kubwa.

Ahadi ile ikawa jina lake. Akina mama walimwita Daktari wa Moyo tangu akiwa na vitabu vya sekondari mgongoni. Mama yake, anayefanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, aliivaa ahadi hiyo kama koti la baridi. Alipochoka aliikumbuka. Njia ya kuifikia ni ndefu: miaka mitatu ya magonjwa ya ndani baada ya shule, kisha mitatu mingine ya moyo wenyewe. Binti aliianza vizuri. Barua zake za mapendekezo ziliandikwa na mabingwa wa moyo, na utafiti wake mdogo ulihusu moyo.

Julai ya mwaka wa nne alibakiwa na mwezi mmoja wa kuchagua mwenyewe. Akachagua kliniki ya ngozi kwa sababu, aliniambia akicheka, ratiba yake ilikuwa nyepesi na yeye alikuwa hajalala vizuri tangu Krismasi.

Wiki ya pili akaja mzee mmoja mweusi, dereva wa basi aliyestaafu, na doa kwenye unyayo. Alikuwa ameambiwa ni viatu. Akaambiwa ni damu iliyovilia. Bingwa wa kliniki hiyo, mama wa makamo, alimwambia mzee avue soksi zote mbili, akapiga magoti sakafuni, akaushika ule mguu mikononi akaugeuza kwenye mwanga, akatenganisha kidole kimoja kimoja. Ilikuwa saratani ya ngozi, ile inayopenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo sisi watu weusi ndipo hutushika zaidi. Bob Marley alikufa nayo mwaka 1981. Ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu.

"Baba Mchungaji," aliniambia baadaye, "nilikuwa nimekaa miaka mitatu kwenye shule ya udaktari, na sikuwahi kumwomba mgonjwa hata mmoja anionyeshe nyayo zake."

Aliporudi kwenye vitabu vyake akaona jambo jingine. Picha nyingi za magonjwa zilipigwa kwenye ngozi nyeupe, ambako uvimbe huwa mwekundu na upele huonekana toka mbali. Kwenye ngozi kama yake wekundu huo hugeuka zambarau au kijivu, au hauonekani kabisa mpaka uguse. Si yeye wa kwanza kuliona hilo. Kule London mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Zimbabwe, Malone Mukwende, alilisema wazi, na mwaka 2020 yeye na walimu wake wakatoa kitabu kidogo cha kuonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi. Binti yetu alikisoma chote usiku mmoja. Asubuhi akajua kwamba moyo haumwiti tena.

Umewahi kujua jambo kwa namna hiyo, mpendwa? Si kwa kishindo. Kama mtu anayegundua kwamba amekuwa akitembea na kijiwe ndani ya kiatu, na leo amekaa chini kukitoa.

Lakini alikuwa amechelewa, tena sana. Hapa Marekani ubingwa wa ngozi ni katika milango myembamba kuliko yote ya udaktari. Kwa mwaka zipo nafasi kama 500 hivi kwa nchi nzima, na wanaozitaka wengi wao wamejiandaa tangu mwaka wa kwanza. Wana barua za mabingwa wa ngozi, wana makala za utafiti, wamekwenda kufanya kazi mwezi mzima hospitali za miji mingine ili wajulikane. Yeye alikuwa na wiki nne na habari ya mguu wa mzee. Mshauri wake chuoni alimwekea njia tatu mezani: aendelee na moyo kama kawaida, aombe vyote viwili Septemba hiyohiyo na asubiri bahati, au asimamishe masomo mwaka mmoja, afanye utafiti wa ngozi, kisha aombe mwaka unaofuata. Akachagua ya tatu. Maana yake, mahafali ya Mei yaliahirishwa hadi Mei nyingine, huku deni la masomo, ambalo kwa wanaokopa mara nyingi hukaribia dola 200,000, likiendelea kukaa pale pale likimwangalia.

Na hapa ndipo sisi tulipoingia. Kwa maana kufikia mwezi wa nane kamati ya sherehe ilikuwa imeshakaa vikao viwili. Kitenge kilikuwa kimechaguliwa. Kadi za michango zilikuwa zimetoka, shangazi wa Texas alishatuma wake, na mjomba wa Arusha alishaulizia viza. Ghafla mama anatakiwa kuwaambia watu kwamba hapana sherehe, mtoto hajamaliza, na akimaliza hatakuwa yule waliyechangia. Unajua maneno yanavyokwenda kwetu. Wiki ya kwanza ilikuwa "amebadilisha". Ya pili "amesimamishwa". Ya tatu, amefeli.

Mimi nilikuwa mlezi wa kamati. Nikampigia simu. Nilimwambia umri unakwenda. Nilimwambia amfikirie mama yake. Kisha nikaongeza neno ambalo nalikumbuka kwa aibu: kwamba ngozi ni udaktari wa matajiri, wa kutoa chunusi na kulainisha nyuso, na kwamba Mungu hakumleta hapa kwa ajili hiyo. Upande wa pili wa simu palikuwa kimya. Halafu akasema, "Asante, Baba Mchungaji." Unaijua asante ile, ya mtoto mwenye adabu anayefunga mlango polepole ili usisikike.

Mimi nilikulia karibu na hospitali ya KCMC pale Moshi. Pale, tangu mwaka 1992, kipo kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi ambacho waganga kutoka nchi nyingi za Afrika wamepitia. Nimewaona kwa macho yangu ndugu zetu wenye ualbino wamekaa wakisubiri zamu yao, kofia pana vichwani, masikio na midomo imeliwa na jua, wakisubiri krimu ya kuwakinga inayotengenezwa palepale. Nimemzika mmoja wao, kijana ambaye kidonda cha shingoni kilianza kama kipele. Kwa hiyo nilikuwa najua. Siwezi kusema sikujua. Nilisahau siku ile kwa sababu kusahau kulinifaa, nilikuwa na kamati ya kulinda.

Novemba nilimfuata. Nilimkuta kwenye chumba kidogo cha utafiti, anapanga picha za ngozi kwenye mafungu, mamia ya picha, kazi ya kuumiza macho. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, nikaitaja simu yangu neno kwa neno ili asidhani naomba msamaha wa jumla tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilikuwa namngoja mtu mmoja tu aniulize nimeona nini." Wote tulikuwa tumemuuliza itachukua miaka mingapi, itagharimu kiasi gani, watu watasemaje. Hakuna aliyemuuliza ameona nini. Ndipo nikaipata habari ya mzee dereva na unyayo wake.

Je, yupo karibu nawe aliyegeuza njia hivi karibuni? Ameacha kazi, amevunja uchumba, amerudi shule na mvi kichwani? Na wewe ulimuuliza nini kwanza?

Kwaresima hii nimejikuta nikiisoma historia ya orodha hizi, jambo ambalo mke wangu analiona la ajabu kwa mchungaji. Miaka ya 1940 hospitali za Marekani zilikuwa zikigombania wanafunzi kiasi kwamba ziliwafunga mapema sana, wengine karibu miaka miwili kabla hawajamaliza shule. Shule zilipokubaliana kuchelewesha, hospitali zikahamia kwenye pupa ya aina nyingine: unapigiwa simu unapewa nafasi, na jibu linatakiwa upesi, wala huna muda wa kusikia unayoipenda zaidi itasemaje. Mwaka 1952 ndipo ukaanza utaratibu wa kukutanisha orodha kwa pamoja. Miaka kumi baadaye, 1962, wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley waliandika kuhusu namna ya kuoanisha watu pasipatikane wawili ambao wangependa kuacha waliopewa wakakimbiliana. Mfano wao mmoja ulikuwa ndoa. Alvin Roth na mwenzake Elliott Peranson wakaurekebisha utaratibu wa madaktari, ukaanza kutumika 1998, na mwaka 2012 Roth na Shapley wakapewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi.

Ndani ya hesabu hiyo kuna kitu kilichonifanya niweke kalamu chini. Imepangwa hivi: ukiweka mbele kabisa hospitali unayoipenda, hata kama ni ndoto, na hospitali hiyo ikakukataa, hesabu inashuka kwenye jina lako la pili na kukutetea hapo kana kwamba lilikuwa la kwanza. Hupotezi kitu kwa kuwa ulithubutu. Wala hufaidiki kwa ujanja, kwa kubahatisha nani atakutaka na kumpandisha juu asiye wa moyo wako. Kwa mwombaji aliye peke yake, lililo jema kwake ni kuandika kweli, kwa mpangilio anaoupenda kweli.

Nilimuuliza binti kama wanafunzi wanaliamini hilo. Akasema washauri wao wanalirudia kila mwaka, na kila mwaka wapo wasioliamini. Wanajiwekea chini kidogo ili wasiumie. Nikajifikiria maombi yangu mwenyewe. Ni mara ngapi nimemwendea Mungu na orodha iliyopunguzwa makali, nikimwomba kile ninachodhani hatashindwa kunipa, huku kile ninachokitamani nimekiacha mlangoni pamoja na viatu? Wewe je? Ukikaa leo usiku na karatasi, ukaandika unachopenda, cha kwanza kikiwa cha kwanza, mkono wako utatetemeka kwenye jina lipi?

Sitaki kukudanganya hapa, mpendwa. Orodha ya kweli haikupi hati ya kushinda. Kila Machi wapo vijana wazuri, wenye alama nzuri na mikono mizuri, wanaosoma Jumatatu asubuhi kwamba wamekosa, na wiki hiyohiyo wanaanza kuhangaikia nafasi zilizobaki huku wenzao wakipiga picha. Na kwa ngozi lipo fumbo jingine. Mwaka wa kwanza ni wa kazi za jumla, miaka mitatu ya ngozi hufuata, na mara nyingi nafasi hizo hutafutwa kila moja kivyake. Binti yetu anaweza kupata mwaka huo mmoja na kuikosa ile mitatu. Analijua hilo. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, akikoroga chai.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, Paulo na wenzake wana safari iliyopangwa. Wanataka kuhubiri Asia, wanazuiwa. Wanajaribu kwenda Bithinia, njia inafungwa tena. Wanateremka Troa, mji wa bandari, na mbele yao bahari tu. Hapo usiku Paulo anamwona katika maono mtu wa Makedonia anayewaita wavuke. Tumeihubiri sana habari hiyo, lakini angalia kitu kidogo kinachotokea kwenye masimulizi. Mpaka hapo mwandishi anasema "wao" walikwenda, "wao" walizuiwa. Baada ya maono anaanza kusema "sisi". Mapokeo ya Kanisa yanasema mwandishi huyo ni Luka, tabibu. Kama ni yeye, basi daktari pekee tunayemjua kwa jina katika msafara ule anaingia kwenye hadithi palepale ambapo mpango wa kwanza umekufa.

Kisha wanavuka, wanafika Filipi, na aliye wa kwanza kufunguka moyo kando ya mto ni Lidia, mama mfanyabiashara wa rangi ya zambarau. Ametoka wapi? Thiatira. Na Thiatira iko Asia, kulekule Paulo alikokatazwa. Nimehubiri miaka ishirini na sita, na hilo nililiona Novemba, nikirudi kutoka kwenye kile chumba cha picha.

Bado kulikuwa na mama.

Nilipokwenda kwake sikuwa na hoja. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, miguu imevimba, anakunywa chai bila kuketi. Alinisikiliza kwa heshima, halafu akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake, na sina hadi leo. "Mchungaji, huyu mtoto akiuacha moyo, mimi naona kama baba yake amekufa mara ya pili."

Wapendwa, tunapozungumza juu ya msamaha, mara nyingi tunamfikiria mtu aliyetutendea ubaya. Huyu binti hakuwa amemtendea mama yake ubaya wowote. Alikuwa tu ameiacha ahadi aliyoitoa akiwa na miaka kumi na miwili, ahadi ambayo mama aliigeuza kuwa fimbo ya kutembelea. Na mama naye hakuwa na kosa. Nani angemlaumu kwa kuegemea? Wakati mwingine tunahitaji kusameheana kwa sababu tulipendana kwa namna ambayo sasa inabana, kama nguo ya mtoto aliyekua. Sijui kama lipo neno moja la msamaha wa aina hiyo. Mimi nimeuona ukifanyika kwa vyombo vya plastiki.

Miezi ile hawakuwa wakizungumza sana. Lakini kila asubuhi mama akirudi kutoka kazini alipika, akaacha wali na maharage kwenye friji, kifuniko kikiwa na utepe wenye siku iliyoandikwa kwa kalamu: Jumatatu, Jumanne. Binti akirudi usiku alikula, akaosha chombo, akakianika, kisha akazifua sare za mama zikawa tayari kwa zamu. Hakuna aliyesema pole. Chombo kilikwenda kimejaa kikarudi kisafi, wiki baada ya wiki, kupita Krismasi, kupita baridi ile ya Januari inayogandisha kope. Paulo akiwa kizuizini, marafiki wengine wameshaondoka, anamwandikia Timotheo kwamba aliyebaki naye ni Luka peke yake. Hatuambiwi Luka alifanya nini humo ndani. Nadhani alipika, alifua, aliangalia vidonda.

Septemba iliyopita maombi yakapelekwa. Miezi ya baridi usaili ukafanyika, kwa video, binti amevaa koti rasmi juu na suruali ya kulalia chini. Kisha ikaja Jumatano ya Majivu, na orodha ikafungwa kama nilivyokuambia. Mechi ni Ijumaa ya wiki ya tatu ya Machi. Bahasha zinafunguliwa saa sita mchana kwa saa za New York, kwetu saa tano asubuhi. Kamati haijakaa tena. Wamekubaliana kwamba Mei watapika pilau, na watakaokuja waje.

Jumapili iliyopita baada ya ibada nilipita kwao. Binti alikuwa mezani anasoma, mama ameketi kwenye kochi, siku yake ya mapumziko. Tuliongea habari za theluji, habari za nyumbani, bei ya nauli. Kulikuwa na kimya kidogo. Kisha mama, bila kumwangalia mtu, akainama akavua soksi ya kushoto, akaunyoosha mguu.

"Haya, daktari. Nimesimama juu ya hii miguu miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kuiangalia."

Binti aliinuka, akaileta taa ya mezani mpaka waya wake ukakaza. Akapiga magoti kwenye zulia. Aliushika mguu wa mama yake, akaugeuza kwenye mwanga, akatenganisha kidole kimoja kimoja, taratibu.

"Hizi ni sugu tu, Mama."

Mama hakusema kitu. Akavua na ya kulia.